Panya Akikoroma: Kutibu Kifua cha Panya wa Kufuga katika Joto la Mombasa

Panya mzima ukimshika kiganjani na kumweka sikioni, husikii kitu. Pumzi yake ni nyepesi kiasi kwamba huo ukimya ndio kipimo chenyewe. Basi ukisikia mluzi mwembamba, au kitu kinachotatarika kama mafuta yanayoanza kupata moto kikaangoni, au mkoromo wa chini kama wa njiwa, usingoje kuona kamasi. Kifua kimeshaingiliwa. Mnyama mwenyewe ana gramu 300 hadi 500, na umri wake wote ni miaka 2 hadi 3, kwa hivyo wiki moja ya kungoja kwake ni muda mrefu.

Njia inayofuatwa na wafugaji wengi ni ileile. Panya anapiga chafya, mtu anakwenda duka la agroveti, ananunua unga wa dawa ya kuku na kuutia kwenye chupa ya maji. Siku ya tatu panya anachangamka. Siku ya tano dawa inaachwa. Wiki ya tatu mkoromo umerudi, na safari hii ni mzito zaidi. Lawama zote hutupiwa dawa. Lakini mara nyingi makosa ni matatu yaliyoshikana: hewa anayovuta panya ni mbaya, maji yaliyotiwa dawa yameiharibu dawa, na mwenyewe hakujua kwamba ugonjwa huu hautolewi mwilini ukaisha. Unadhibitiwa, na hewa ya chumba ndiyo inayoamua kama utadhibitika.

Mpangaji wa kudumu kifuani

Bakteria mkuu anaitwa Mycoplasma pulmonis, tumwite maikoplasma. Panya wengi sana wa kufugwa wanaye tangu utotoni. Mama huwaambukiza watoto kwa pumzi na kwa kuwalamba, na wakati mwingine wakiwa bado tumboni. Akishaingia hatoki. Anaweza kukaa miezi bila kuleta dalili yoyote, panya akala, akacheza, akanenepa.

Madhara yake yanaanza kwenye njia za hewa. Ndani ya pua, koo na mapafu mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufagia kamasi na vumbi kuelekea nje kutwa na kucha. Maikoplasma hujishikiza kwenye chembe zenye vinyweleo hivyo na kuvilemaza. Ufagio ukishasimama, kamasi hutuama. Kamasi iliyotuama huwa makazi ya bakteria wengine, hasa Streptococcus pneumoniae, na hao ndio wanaoleta nimonia ya ghafla. Miezi ikipita, mirija ya mapafu hutanuka na kujaa usaha mzito ambao dawa haiupenyi vizuri. Ndiyo maana panya aliyetibiwa mapema hurudi katika hali yake, na aliyecheleweshwa hubaki na mkoromo hata baada ya dawa nzuri: bakteria wamepungua, lakini kovu limebaki.

Maikoplasma hubisha hodi penginepo pia. Hupanda hadi sikio la ndani, panya akaanza kuinamisha kichwa upande mmoja na kuzunguka. Hushuka kwenye mfuko wa uzazi wa jike. Kwa hiyo kichwa kilichopinda nacho kihesabiwe katika familia hiyohiyo ya ugonjwa.

Kuna jambo jingine la kujua kabla ya kugusa dawa yoyote: maikoplasma hana ukuta wa chembe. Penisilini na jamaa zake, amoksisilini ikiwemo, huua bakteria kwa kuvunja ukuta huo. Pasipo na ukuta hakuna cha kuvunjwa. Amoksisilini inaweza kumsaidia panya aliyevamiwa na Streptococcus, na mwenye panya akaona nafuu ya siku chache, ilhali mpangaji mkuu hajaguswa.

Virusi navyo vipo. Kuna kirusi cha korona cha panya, kisichohusiana na ugonjwa wa binadamu wa COVID-19, ambacho hupita kundi zima ndani ya siku chache: macho yanabanwa na mwanga, shingo inavimba chini ya taya kwa sababu tezi za mate zimeumuka, chafya kila upande. Kwa panya mwenye nguvu hupita ndani ya wiki moja au mbili bila dawa, lakini humwamsha maikoplasma aliyelala. Panya mmoja akikoroma polepole kwa wiki kadhaa, mshuku maikoplasma. Wote wakishikwa kwa pamoja baada ya mgeni kuletwa, mshuku kirusi.

Wekundu wa puani si damu

Hili huwatisha watu kuliko mkoromo wenyewe. Panya anaonekana na ute mwekundu puani na pembeni mwa macho, miguu ya mbele ikiwa na madoa ya kahawia kwa sababu ameupangusa. Ni porfirini, rangi inayotolewa na tezi iliyo nyuma ya jicho, na hutoka kwa wingi panya anapoumwa, anapoona joto kali au anapokuwa na hofu. Kiasi kidogo asubuhi baada ya kulala si neno. Ukiukuta kutwa, na manyoya yamesimama, mnyama ni mgonjwa.

Kama una shaka, ufute kwa pamba nyeupe iliyoloweshwa, kisha ipeleke pamba chini ya ile taa ya zambarau ambayo wauza duka huitumia kukagua noti bandia. Porfirini hung'aa waridi au rangi ya machungwa iliyokolea. Damu haing'ai, hubaki nyeusi. Ikiwa ni damu kweli, hiyo ni kazi ya daktari siku hiyohiyo.

Kipimo kingine ni hesabu ya pumzi. Panya aliyetulia huvuta pumzi 70 hadi 115 kwa dakika, kasi ambayo jicho haliifuati vizuri. Mrekodi kwa simu akiwa amelala, kutoka ubavuni, kwa sekunde 15. Ichezeshe video polepole, hesabu mbavu zinavyopanda, kisha zidisha kwa 4. Fanya hivyo akiwa mzima pia, uiandike, kwa sababu namba yake mwenyewe ya kawaida ina faida kuliko namba ya vitabuni. Mpime na uzito kila wiki kwa mizani ya jikoni inayosoma gramu. Panya wa gramu 400 aliyefika 360 amepoteza sehemu ya kumi ya mwili wake, na kiwango hicho hakifai kupuuzwa hata kama bado anakimbilia chakula.

Hewa ya nyumba za Pwani

Mwaka 1976 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililowekea panya wenye maikoplasma viwango mbalimbali vya amonia hewani. Kuanzia sehemu 25 kwa milioni, ugonjwa ulikuwa mkali zaidi kuliko kwa wenzao waliokaa kwenye hewa safi. Bakteria ni yuleyule. Tofauti ilikuwa hewa. Na amonia haitoki mbali. Ni mkojo wa panya mwenyewe, uliovunjwavunjwa na bakteria wa kwenye matandiko, na kazi hiyo huenda haraka zaidi penye joto na unyevu.

Sasa fikiria Mombasa mwezi wa Machi. Mchana ni nyuzi 32 au 33, upepo wa kaskazi unamalizikia, unyevu uko juu hata nguo kabatini zinanuka uvundo. Matandiko ambayo mahali pa baridi kavu yangekaa wiki nzima, hapa hulowa na kuchacha kwa siku mbili au tatu. Miongozo mingi ya ufugaji wa panya imeandikwa kwa nchi za baridi, na ratiba yake ya kusafisha mara moja kwa wiki haitufai. Badilisha kona ya haja kila siku, na matandiko yote kila siku ya tatu. Usitegemee pua yako ukiwa umesimama, kwani pua huzoea. Toka nje dakika kumi, rudi, inama mpaka uso ufike usawa wa tundu. Ukisikia ukali wowote, panya ameuvuta usiku kucha.

Tundu liwe la waya lenye sakafu isiyo na matundu, si sanduku la kioo la samaki. Kioo huzuia hewa kupita na amonia hubaki ndani palepale pua ilipo.

Matandiko yana mtego wake. Maranda ya seremala ni rahisi kupatikana, lakini mengi ni ya saiprasi na paini, miti yenye harufu nzuri inayotokana na kemikali za aina ya fenoli. Harufu hiyo huwasha njia za hewa na hulitwisha ini kazi, kiasi kwamba ini linaweza kuvunja dawa haraka kuliko ilivyotarajiwa. Kuyaanika juani hakuziondoi za kutosha. Vumbi la mbao ni baya zaidi, na kumvi za mpunga pamoja na nyuzi kavu za makumbi ya nazi hutoa vumbi jembamba linaloingia mapafuni. Kinachofaa ni karatasi: karatasi za ofisini zilizokatwa na mashine, baada ya kutoa pini zote, au magazeti ya zamani yaliyochanwa, na juu yake vipande vya kitambaa cha pamba kama leso iliyochakaa, vya kufuliwa kwa sabuni isiyo na manukato.

Halafu kuna moshi, na hapa lazima tuseme wazi. Nyumba ya Mswahili bila udi na ubani si nyumba. Chetezo hupitishwa chumbani jioni, nguo zikafukizwa, mgeni akapokewa. Kwa panya mwenye kifua, chetezo hicho ni sawa na kumshikia mkaa puani: vinyweleo vilivyobaki hulemaa, kamasi huongezeka, na usiku ule ule mkoromo huongezeka. Vivyo hivyo jiko la mkaa, dawa ya mbu ya kuchoma, dawa ya kupuliza mende na marashi ya chupa. Hakuna haja ya kuacha udi. Mhamishe panya kabla hujawasha, chumba cha upande unakotoka upepo, mlango ukifungwa, na umrudishe baada ya saa mbili madirisha yakiwa wazi. Usiku tumia chandarua badala ya dawa ya mbu ya moshi.

Mahali pa tundu hubadilika kwa msimu. Wakati wa kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, adui ni joto: panya hatoki jasho, mkia ndio anaopozea mwili, na anayehema kwa joto huongeza mzigo kwenye mapafu yaliyokwisha kuugua. Mweke kwenye sakafu ya vigae, na chupa ya maji yaliyoganda ifungwe kitambaa iwekwe upande mmoja ili achague mwenyewe. Feni ipepee ukutani, isimpulizie moja kwa moja. Kusi ikianza kuvuma na mvua za masika za Aprili na Mei, adui ni unyevu na upepo wa moja kwa moja, basi toa tundu dirishani kwa upande wa kusini na uliweke kwenye ukuta wa ndani. Kuta za mawe ya matumbawe za nyumba za kale hupitisha unyevu, hivyo acha nafasi ya shibiri moja kati ya ukuta na tundu.

Dawa, vipimo na hesabu

Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Madaktari wengi wa mji huu kutwa wanashughulika na mbuzi, ng'ombe, kuku, paka na mbwa; panya wanaomwona ni wachache. Nenda na uzito ulioandikwa, video ya pumzi, na hesabu zifuatazo mkazungumze. Dawa hizi zisianzwe bila yeye, maana ndiye atakayesikiliza kifua na kuamua kama ni ugonjwa huu kweli.

Dawa zinazomfikia maikoplasma ni zile zisizohitaji ukuta wa chembe. Mbili zinazotumika sana pamoja ni doksisaiklini, miligramu 5 kwa kila kilo ya uzito kila saa 12, na enrofloksasini, miligramu 10 kwa kila kilo kila saa 12. Doksisaiklini humsimamisha maikoplasma asizaliane na hupunguza uvimbe mapafuni. Enrofloksasini huua, na huwafikia pia baadhi ya bakteria wanaoingia baadaye. Azithromaisini huja kama chaguo la pili. Jike mwenye mimba na panya wachanga wanaokua wasipewe enrofloksasini wala doksisaiklini bila daktari kupima faida na hasara, kwa sababu dawa ya kwanza hudhuru gegedu za viungo na ya pili hushika kwenye mifupa na meno yanayojengeka.

Tatizo ni vipimo. Panya wa gramu 400 anahitaji miligramu 2 za doksisaiklini kwa mara moja, na kapsuli ya binadamu ina miligramu 100. Huwezi kuigawa kwa kisu. Fungua kapsuli moja, yeyusha unga wote katika mililita 20 za maji ya kunywa ya chupa, tikisa. Sasa kila mililita ina miligramu 5, na kila gramu 100 za panya zinapata mililita 0.1. Panya wa gramu 400 anapata mililita 0.4. Weka chupa ndani ya friji, iliyofungwa karatasi kuzuia mwanga, utikise kila mara, na baada ya siku 7 uimwage hata kama imebaki.

Enrofloksasini inayouzwa kwa ajili ya kuku kwa kawaida ni ya asilimia 10, yaani miligramu 100 katika kila mililita. Kwa panya wa gramu 400 hiyo ingekuwa mililita 0.04, tone lisilopimika, tena ni chungu na kali ya kuunguza mdomo. Chukua mililita 1, ongeza maji mililita 9. Sasa ni miligramu 10 kwa mililita, na kipimo kinakuwa kilekile: mililita 0.1 kwa kila gramu 100. Tengeneza mpya kila siku. Soma kibandiko kwanza, maana zipo za asilimia 20, na hesabu yake ni nyingine. Usizichanganye dawa hizi mbili kwenye chupa moja wala kwenye bomba moja la sindano. Zikikutana zinaweza kugandana.

Bomba zuri ni lile la insulini bila sindano. Lakini limeandikwa yuniti, si mililita. Kwenye bomba la yuniti 100, mililita 0.4 ni alama ya 40. Kwenye bomba la yuniti 40, alama ya 40 ni mililita nzima, na ukikosea hapo umempa dawa mara mbili na nusu. Angalia maandishi ya ubavuni kabla ya kuvuta.

Mfunge panya kwa taulo dogo kama mtoto, kichwa kikiwa juu. Pitisha ncha ya bomba pembeni mwa mdomo, nyuma ya meno ya mbele, penye pengo lisilo na jino. Sukuma tone, ngoja ameze, sukuma jingine. Dawa inayomiminwa kwa pupa huingia mapafuni, na umeongeza ugonjwa kwa mkono wako. Akigoma kabisa, iweke kwenye kipande kidogo cha ndizi ya kisukari iliyopondwa, na uhakikishe amekimaliza chote.

Kwa nini isitiwe kwenye chupa ya maji? Kwanza, panya mgonjwa hunywa kidogo, na maji machungu huyasusa, kwa hivyo hujui amepata kiasi gani. Pili ni jambo la mji wetu hasa. Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na maji ya visima vyake ni magumu, yamejaa kalsiamu. Maji ya mfereji yakikatika, ya kisima ndiyo yanayoletwa na mikokoteni. Kalsiamu hushikana na doksisaiklini na enrofloksasini tumboni, dawa ikapita bila kufyonzwa. Rangi ya maji hubadilika, mtu akaridhika kwamba dawa imo, kumbe mwilini haifiki.

Kwa sababu hiyohiyo tenga saa mbili kabla na baada ya dawa bila maziwa, mtindi, dagaa wa mifupa na uji wa wimbi. Wimbi husahaulika. Unasifiwa kwa wagonjwa, na ni chakula kizuri kwa panya aliyekonda, lakini una kalsiamu nyingi kuliko nafaka nyingi nyingine. Wakati wa dawa mpe ndizi, kiazi kitamu kilichopondwa, au wali laini wenye tui kidogo. Uji wa wimbi mpe mchana, katikati ya dozi mbili.

Mkoromo hupungua ndani ya saa 48 hadi 72. Hapo ndipo watu huachia. Maikoplasma anakua polepole, na waliosalia hurudi na nguvu, tena wakiwa wamezoea dawa. Endelea siku 14 hadi 21, na zisipite chini ya siku 7 baada ya mlio wa mwisho kusikika. Panya mwenye makovu ya zamani anaweza kuhitaji wiki sita au dawa za mara kwa mara maishani. Huko si kushindwa. Ukifika siku ya tano na hakuna hata badiliko dogo, usiongeze kipimo kwa kubahatisha. Rudi kwa daktari, tatizo huenda si hilo.

Dawa ya kupunguza uvimbe, meloksikamu, miligramu 1 kwa kilo mara moja kwa siku, humrudishia panya hamu ya kula. Ile ya maji ya mbwa yenye miligramu 1.5 kwa mililita inampa panya wa gramu 400 takriban mililita 0.27. Isitolewe kwa panya asiyekunywa maji, kwani figo ndizo zitakazoumia.

Kujifukiza kwa maji ya moto, tiba ya mafua tuliyolelewa nayo, hakumfai. Joto la chumba tayari linamwelemea, na mvuke wa moto unamzidishia kuhema. Mafuta ya mkaratusi na balimu za menthol humchoma pua. Kinachosaidia ni nebulaiza, ile mashine ya wagonjwa wa pumu, yenye maji ya chumvi ya asilimia 0.9 ya hospitali, ukungu wake ukiwa wa baridi. Mtie kwenye boksi la plastiki lenye mfuniko uliotobolewa, dakika 10 hadi 15, asubuhi na jioni. Kamasi hulainika, akapiga chafya ikatoka.

Usipoona nafuu

Panya dume aliyezidi miezi 18, mnene, anayehema haraka bila chafya wala mkoromo, miguu ya baridi na rangi ya kibuluu: huyo huenda ana moyo uliochoka, na maji yamejaa mapafuni. Antibiotiki hazitamgusa. Daktari akimpa furosemaidi, dawa ya kutoa maji, mara nyingi nafuu huonekana ndani ya siku moja, na jibu hilo lenyewe ni uchunguzi. Picha ya eksirei hutenganisha moyo, jipu na uvimbe wa mapafu, usiogope kuiomba.

Panya hupumua kwa pua tu. Akifungua mdomo kuvuta hewa, shingo imenyooka juu, mbavu zikizama ndani, mkia na masikio yakipoteza rangi, hiyo ni dharura ya saa ile. Usimpe kitu mdomoni. Zima taa, mwinue kifua kwa kitambaa kilichokunjwa, asishikwe-shikwe. Anahitaji oksijeni kwa daktari. Safari ikiwa ni ya mchana na foleni ya feri ya Likoni iko mbele, tia chupa ya maji yaliyoganda iliyofungwa taulo ndani ya boksi, matundu ya hewa juu na ubavuni, na chagua tuktuk iliyo wazi kuliko gari lililofungwa lililokaa juani. Kama hata kwa oksijeni hatulii, na amemaliza siku mbili bila kula, mwombe daktari amlaze moja kwa moja kwa sindano, asiamke tena. Kukosa hewa ni mateso makubwa, na mnyama huyu hana njia ya kuyaficha tena akifika hapo.

Mgeni, na tundu la zamani

Panya mpya atengwe wiki mbili hadi tatu, katika chumba tofauti chenye hewa tofauti. Matundu mawili yaliyowekwa mbalimbali ndani ya chumba kimoja hayatengi kitu, kwa kuwa hewa ni moja. Mhudumie wa mwisho, kisha nawa mikono na ubadilishe kanzu au leso uliyokuwa nayo. Sungura na simbilisi wasikae naye, kwa sababu hubeba Bordetella, bakteria anayeweza kumshika panya kifuani. Panya wa mitaroni wasilifikie tundu kabisa: wana maikoplasma wao, na mkojo wao huweza kuwa na Leptospira, bakteria anayeleta ugonjwa unaowapata watu.

Maikoplasma hadumu sana nje ya mwili, kwa hiyo tundu la panya aliyekufa halihitaji kutupwa. Lioshe kwanza kwa sabuni na maji mengi hadi harufu ya mkojo iishe kabisa, ndipo upake jiki iliyochanganywa, sehemu 1 kwa maji 30. Utaratibu huo usigeuzwe. Jiki ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, yako na ya panya aliyebaki chumba cha pili. Iache dakika kumi, suuza mara mbili, kisha lianike juani kutwa nzima, na vibao vya mbao vilivyonyonya mkojo vichomwe mbali na nyumba.

Aliyebaki peke yake mpime uzito kila siku kwa wiki mbili. Panya ni mnyama wa kundi, na huzuni humfanya asile. Huyo naye amelala miezi mingi pumzi kwa pumzi na mwenzake, kwa hiyo kila jioni, kabla ya kuzima taa, mchukue, mweke sikioni, na usikilize.